Isale Lenye Fundo

Chungu kile cha mmea kiliwekwa mlangoni wakati Bertila yuko jukwaani akifanya mazoezi, na hakuna aliyemwona aliyekileta. Aliporudi kwenye chumba cha kujipambia, jasho likimtiririka mgongoni kwa lile joto la Houston la mwezi wa saba, nusura akipige teke.

"Nani kaleta hiki?"

Fortunée, mshonaji wake, alikuwa amepiga magoti sakafuni, mdomo umejaa pini, akimalizia shanga za pindo la gauni. Alizitema pini kiganjani kwanza.

"Sijue. Nilienda kuchukua uzi ku motoka, kurudi nakuta kiko pale. Itakuwa bwana yako." Akacheka kicheko chake cha Bukavu, cha kutoka tumboni. "Wenzako wote wanapata maua, weye unapata majani. Huyu mwanaume iko na mambo!"

Bertila naye alicheka, akainama kukiokota. Ndipo alipoliona jani la katikati. Lilikuwa refu, la kijani lenye michirizi ya njano, na lilikuwa limefungwa fundo. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Kuko nini?" Fortunée aliuliza.

"Hakuna kitu."

Lakini kitu kilikuwepo, na Bertila alikijua kuliko Mmatengo yeyote aliyewahi kutoka Mbinga, kwa sababu alifundishwa na Mchaga mwenyewe.

Ilikuwa Arlington, mwaka juzi, kwenye duka kubwa la vifaa vya nyumba, upande wa mimea. Bertila alikwenda kutafuta ua la bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimhudumia kwenye nyumba ya wazee. Akamkuta mwanaume mrefu, fulana ya kazi ya ghala la mizigo la kule Euless, amesimama mbele ya chungu akikisemesha. "Masikini isale," mwanaume alikuwa akisema kwa Kiswahili, "na wewe umeletwa huku kuuzwa pamoja na mbolea?" Bertila akaangua kicheko kabla hajajizuia. Mwanaume akageuka, aibu imemjaa uso mzima, na jamani, aibu ile ilimpendeza!

Huyo ndiye Melkiori. Alimweleza palepale kwamba kwao Kilema mmea ule hauuzwi. Unapandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, unapandwa makaburini, na mtu akimkosea mwenzake kosa zito, kosa la kutokulala, hulikata jani lake, akalifunga fundo, akampelekea. Aliyepelekewa isale hana ujanja, lazima asamehe. Akilikataa, balaa linahamia kwake.

"Kwa hiyo ukinikosea utaniletea jani?" Bertila alimtania siku ile.

"Nikikukosea wewe, dada yangu, nitakuletea shamba zima."

Mapenzi yakaanzia pale. Kabla hayajakolea, Bertila alimketisha akamwambia ukweli wote: kwamba alipozaliwa alidhaniwa mvulana, akapewa jina la kivulana, akaishi nalo miaka mingi akiumia. Jina hilo Bertila aliliacha Mbinga, na sisi tuliache hukohuko. Melkiori alinyamaza siku kadhaa, simu hapigi. Kisha jioni moja akabisha hodi amebeba ndizi mbichi na mfupa wa ng'ombe, akapita moja kwa moja jikoni kupika mtori. Akasema huku akimenya: "Nimekaa nikajiuliza ninamwogopa nani. Nikaona si wewe." Tangu hapo hakutoka tena.

Sasa leo isale hili hapa, na fundo lake. Melkiori hajamkosea kitu. Asubuhi alimwacha motelini akipiga pasi shati lake, anaimba, anaahidi kuwahi. Hajanikosea, Bertila alijisemea. Hajanikosea bado. Na lile neno "bado" ndilo lililomsisimua mwili hadi kwenye kucha.

Leo haikuwa siku ya kawaida. Warembo waliozaliwa kama yeye walikuwa wamekusanyika kutoka Texas nzima kugombea taji la Malkia wa Ghuba, na Bertila ndiye aliyevaa utepe wa Dallas–Fort Worth. Katika raundi ya mwisho, ya gauni la jioni, mrembo huingia jukwaani ameshikwa mkono na mtu wake. Wengine huja na mama zao, wengine na marafiki. Bertila nyumbani kwao alishafutwa. Hana mama wa kumshika mkono wala kaka. Ana Melkiori tu. Na Melkiori alikuwa amesema, mbele ya Fortunée, "Nitakushika mkono mbele ya watu, na anayetaka kupiga picha apige."

Alichukua simu yake kwenye meza ya vipodozi akampigia.

Kule upande wa pili wa mlango, kwenye korido, jogoo akawika.

Fortunée aliruka. "Jogoo? Humu ndani?"

Bertila hakuruka. Alikuwa akiujua mlio ule. Melkiori aliutia kwenye simu yake kwa utani, akidai ndio unaomwamsha zamu ya alfajiri. Lakini kwetu jogoo akiwika jioni hachekewi, huchinjwa, na saa kumi ya jioni ilikuwa imeshapita.

"Melki?" aliita. "Mbona unajificha?"

Mlango ukafunguka. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa heshima, suti ya kitenge imemkaa sawasawa, rozari shingoni, mkoba kwapani. Jogoo alikuwa anawika ndani ya mkoba.

"Zima simu yako kwanza," mwanamke alisema.

Alikuwa Prudensia, dada mkubwa wa Melkiori, anayeishi Mansfield. Ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, ndiye aliyemleta Marekani kusoma. Bertila alikuwa amekutana naye ana kwa ana mara moja tu, kwenye misa ya Kiswahili Arlington, wakati wa kutakiana amani. Alimnyooshea mkono. Prudensia akaupita mkono ule, akampa amani mtu wa nyuma.

"Shikamoo, dada," Bertila alisema.

Marahaba haikuja. Prudensia alikitazama chungu, akatazama gauni, akatazama pini zilizotapakaa sakafuni, kila mahali isipokuwa usoni mwa Bertila.

"Melkiori yuko wapi, dada? Mbona simu yake unayo wewe?"

"Yuko uwanja wa ndege. Anakwenda nyumbani." Prudensia alimeza mate. "Mama mahututi. Kaka yake Gelasius alipiga usiku. Nilimfuata motelini asubuhi, tiketi nimeshakata. Simu za huku kule hazishiki, ndiyo maana kaniachia. Amesema umsamehe, atakutafuta akifika."

 Bertila hakuwahi kumwona yule mama, lakini sauti yake aliijua. Jumapili Melkiori akipiga simu nyumbani hupenda kufungua spika, na yule mama huko Kilema huuliza kama mwanawe anakula, na kama amepata mtu wa kumpikia. Bertila hukaa pembeni akisikiliza, hathubutu hata kukohoa. Sasa alijikuta amekaa juu ya kiti, mikono yote miwili kichwani.

"Shusha mikono!" Prudensia alipiga ukelele. "Shusha mikono kichwani! Hapa hakuna msiba! Unataka kumchuria mama yangu?"

Bertila aliishusha. Kila mtoto wa kwetu amewahi kuchapwa kwa kuweka mikono kichwani, hilo halikuwa jipya. Lakini ukelele wa Prudensia ulikuwa na kitu kingine ndani. Ulikuwa na hofu. Akamtazama vizuri, kwa macho ya mtu aliyezoea kuwatazama wagonjwa wanaosema hawaumwi.

"Pole sana, dada," alisema polepole. "Wewe unaondoka lini?"

"Mimi?"

"Mama mahututi, na wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nina kazi. Nina watoto."

"Una pasi ya Marekani. Unaenda na kurudi utakavyo. Melkiori visa yake ya masomo ilikufa zamani, unajua. Akitoka nje ya mpaka huu harudi. Miaka kumi, dada. Mwanasheria alimwambia mbele yangu." Bertila alisimama. "Sasa mwenye makaratasi amebaki, na asiyekuwa nayo ndiye aliyepandishwa ndege?"

Prudensia alikaza mkoba kwapani.

"Na hili jani," Bertila aliendelea, "limefungwa na nani?"

"Nimelifunga mimi."

"Mtu ambaye mama yake anakata roho hana nafasi ya kupita dukani kununua mmea. Mama anaumwa nini?"

 Kule jukwaani mafundi walikuwa wakijaribu muziki, ngoma moja nzito, inapiga na kukatika.

"Nimekuuliza, dada. Mama anaumwa nini?"

"Hajambo," Prudensia alisema, na mara machozi yakamdondoka. "Mama hajambo. Jana alikuwa shambani."

"Yesu wangu!" Fortunée akaachia gauni.

Wahenga wanasema ulimi hauna mfupa, lakini siku ile Bertila aliona ulimi unavyoweza kuvunja mifupa ya mtu mwingine. Alishika ukingo wa meza. Vikopo vya vipodozi vikagongana.

"Umemwambia mtoto kwamba mama yake anakufa. Yuko kule amekaa peke yake analia. Kwa sababu yangu mimi?"

"Kwa sababu ya nyumba yetu!" Prudensia alifoka, kisha akashusha sauti. "Melkiori ndiye kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Ndiye anayemlea mama, ndiye anayemzika. Mimi ni mtoto wa kike, nimeolewa. Gelasius ana boma lake. Kilema nani atakaa? Wewe? Leo unataka umpandishe jukwaani, watu wa Dallas wapo, watu wa Houston wapo, kamera zinawaka. Kesho hiyo picha iko Moshi. Mama aione? Nimemsomesha kwa mikono hii nikiosha vyoo vya watu. Sikumleta huku aje apotee."

"Hajapotea. Amenipata."

"Usinijibu hivyo."

"Nikujibu vipi? Siku zote hukutaka hata kunisalimia. Leo ndiyo tunaongea, niache nijibu." Bertila alifuta jicho kwa nyuma ya mkono, wanja ukasambaa. "Unanichukia kiasi hicho, dada Prudensia? Kiasi cha kumtaja mama yako kwa kifo?"

"Ningekuchukia ningekuletea jani?" Prudensia akakaa chini, kwenye kiti cha Fortunée, juu ya pini na vitambaa, hakujali. "Usiku sikulala nikilipanga. Na tangu nilitamke lile neno asubuhi, mdomo wangu mchungu kama shubiri. Nimekaa kwenye gari hapo nje tangu mchana, nashindwa kuingia, nashindwa kuondoka. Nimekufanyia ubaya, najua. Nimekupokonya mtu wako mikononi. Pokea isale, unisamehe, niende zangu. Nakuomba."

Alilikata lile jani kwenye chungu, fundo na yote, akamnyooshea kwa mikono miwili. 

Bertila alilitazama.  Angeweza kulisukuma likaanguka. Angeweza kulikanyaga kwa kile kiatu chake kirefu. Badala yake akanyoosha mkono akalichukua.

"Nimelipokea," alisema. "Melkiori alinifundisha kwamba halikataliwi. Lakini alinifundisha na jingine. Isale halipelekwi kwa mpita njia. Linapelekwa kwa jirani, kwa ndugu, kwa mtu wa boma. Sasa niambie, mimi kwenu ni nani?"

 Prudensia aliinamisha uso.

"Basi nitajibu mimi. Nimekusamehe, wifi yangu. Na sasa umalize kosa. Huwezi kuomba msamaha kwa kosa ambalo bado unalitenda. Ndege haijaruka."

"Inaruka saa moja kasoro."

"Kwa hiyo ipo chini. Piga uwanjani, waambie wamwite kwenye vipaza sauti."

"Piga wewe!"

"Mimi? Akisikia sauti yangu inasema mama yako mzima, usiende, atadhani namzuia asimzike mzazi wake ili nipate mtu wa kunishika mkono. Hatanisadiki, na hatanisamehe mpaka anakufa. Neno ulilitoa wewe. Lirudishe wewe."

"Hatanisamehe mimi."

Bertila alikisogeza chungu kwa mguu hadi kikagusa kiatu cha Prudensia. "Kina majani mengi. Funga lingine."

Mlango uligongwa. Alikuwa Jessica, mwenyekiti wa mashindano, mama wa makamo aliyevaa taji hilohilo zamani za ujana wake, na ambaye hakuna msichana aliyethubutu kumchelewesha. "Raundi ya maswali, mpenzi wangu," alisema kwa Kiingereza chake cha kuvuta. Aliona wanja uliosambaa, akamwona mgeni. "Kuna shida hapa?"

"Hakuna," Bertila alijibu. "Ni wifi yangu."

Fortunée alimfuta uso harakaharaka, akimnong'oneza, "Usimwache na simu. Huyu hatapiga. Minakuambia, hatapiga!"

"Akikataa, tutajua ni mtu gani."

Akatoka. Alipokuwa mlangoni aligeuka mara moja. Prudensia alikuwa bado amekaa, simu ya Melkiori kwenye paja, anaitazama bila kuigusa.

Walichomuuliza majaji Bertila hakukikumbuka, wala alichojibu. Anakumbuka taa kali, na watu wakicheka mahali fulani, kwa hiyo huenda alisema kitu cha kuchekesha. Kichwani alikuwa akisikia mlango wa ndege ukifungwa. Akiondoka huyu, hakuna mwingine. Si kwa sababu wanaume wamekwisha duniani, la hasha. Ni kwamba hapakuwa na mwingine aliyewahi kumenya ndizi jikoni kwake huku akisema si wewe ninayekuogopa.

Aliporudi, saa ya ukutani ilikuwa imekaribia saa moja. Prudensia alikuwa amesimama dirishani, simu mkononi. Kwenye meza kulikuwa na jani la pili, fundo lake limefungwa vibaya, la mtu mwenye haraka au mwenye machozi.

"Ulipiga?"

"Nilipiga. Walimwita mara nyingi sana. Nilidhani ameshaingia ndani ya ndege." Prudensia hakugeuka. "Mwishowe akaja kwenye simu. Analia, ananiuliza, dada, mama amekata roho? Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama mzima, nilikudanganya."

"Akasemaje?"

" Alikata simu."

"Basi?"

"Basi. Nikampigia na Gelasius kwa simu hiihii, nimwambie mchezo umekwisha. Nilikuwa nimemwagiza azime simu mpaka kesho, ili Melkiori asiwapate. Bado ameizima." Akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama Bertila machoni. Alikuwa na macho ya Melkiori, yaleyale, Bertila hakuwahi kuyaona kwa karibu. "Nilichokitenda ni uchuro, sivyo? Niambie tu. Mama yangu mzima, mimi nikamlaza kitandani kwa mdomo."

Bertila alitaka kumwambia hapana, hayo ni mambo ya wazee. Haikutoka. Alimshika bega tu, kisha akageuka ili Fortunée amvalishe gauni.

Lilikuwa gauni la bluu ya usiku, limejaa shanga, zito kama mtoto mchanga, na Fortunée alilifunga zipu akiomba kwa Kifaransa. Lile jani la kwanza Bertila alilikunja akalichomeka ndani ya mkanda wa kiunoni. Hakujua kwa nini. Labda alitaka kitu cha kwao kimguse.

Nyuma ya pazia warembo walikuwa wamejipanga na watu wao. Msichana wa San Antonio na mama yake walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Bertila alisimama peke yake. Prudensia alimfuata hadi pale, akasimama pembeni kwenye giza, kando ya kamba za pazia.

"Saa moja imepita," Prudensia alinong'ona. "Ndege imeshaondoka."

"Najua."

"Kama yumo ndani yake..."

"Najua, wifi. Nyamaza."

Jina likaitwa. Miss Dallas–Fort Worth. Bertila akaingia kwenye mwanga peke yake, mkono mmoja umekunjwa kidogo, mtu anavyoukunja akitaka kushikwa. Akapiga hatua. Ukumbi ukatulia. Alisikia mtu wa mbele akimnong'oneza mwenzake, akajua wanauliza mbona huyu hana mtu. Tabasamu, akajiambia. Tabasamu hata kama moyo unakutoka.

Ndipo aliposikia viatu. Vinakimbia, vinagonga mbao nyuma yake, na harufu anayoijua, ya sabuni ya mche na jasho. Mkono ukapita chini ya mkono wake ukamshika.

"Nimechelewa," Melkiori alisema, anahema. "Foleni ya Houston, mama yangu! Teksi imekuja kwa sala."

Bertila alisahau kama yuko jukwaani. Alimgeukia akamwangalia. Macho yalikuwa mekundu, kola imekaa upande. Alikuwa amevaa ile suti nyeusi waliyoichagua pamoja kwa ajili ya usiku huu, ambayo asubuhi aliivaa akihofia kwamba anakwenda kumzika mama yake.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama. Kamera zikawaka kila upande, na Melkiori hakuficha uso.

"Begi langu limekwenda Moshi bila mimi," alimnong'oneza, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Ningekupoteza, Beti. Miaka kumi! Dada ameniudhi, nitaongea naye. Lakini siwezi hata kukasirika, unajua? Mama hajambo! Nimekaa pale nalia, kumbe mama mzima kabisa. Umesikia? Mama mzima."

"Nimesikia, mpenzi."

Wakaanza kutembea. Gauni lilikuwa linameta, makofi hayaishi, na Bertila akajisemea kwamba sasa taji liende kwa yeyote, yeye ameshapata lake.

Jogoo akawika.

Aliwika nyuma ya pazia, mlio mrefu, juu ya makofi yote. Bertila aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Prudensia alikuwa pale kando ya kamba, simu mkononi, uso umeangaziwa na kioo chake kidogo. Alisoma jina. Bertila aliona midomo ikilitamka: Gelasius.

Kule Kilema usiku ulikuwa umekomaa, saa ambayo mtu mzima mwenye akili hapigi simu ng'ambo. Na Gelasius aliagizwa azime mpaka kesho. Aliyeagizwa azime akiwasha saa kama hiyo, amewasha kwa jambo lake mwenyewe.

Prudensia aliweka simu sikioni. Alisikiliza. Hakupiga ukelele. Simu ilimponyoka, ikadunda sakafuni, na yeye akashuka polepole hadi akakaa juu ya mbao na suti yake ya kitenge. Kisha akainua mikono yote miwili, akaiweka kichwani.

Ndege ilikuwa angani. Begi la kitinda mimba lilikuwa linakwenda nyumbani, na kiti chake kilikuwa kitupu. Nani alimzuia asipande? Bertila alijijibu mwenyewe, na jibu likamchoma palepale kiunoni, lilipokuwa limechomekwa lile jani.

"Ile siyo simu yangu?" Melkiori aliuliza. Shingo yake ilianza kugeuka.

Bertila aliubana mkono wake kwa nguvu zote.

"Beti, mbona unatetemeka?"

"Tembea, mpenzi wangu," alimwambia, tabasamu liko palepale usoni, machozi yanaingia mdomoni, na watu wakidhani ni ya furaha. "Tufike mwisho wa jukwaa kwanza. Niangalie mimi. Usigeuke."